Mangwe za Kivukoni

Nakuru,
14 Januari 2024

Dada yangu Hope,

Pokea salamu za huku kwenye baridi. Mimi sijambo, ila magoti yameamua kuzeeka kabla yangu. Binti yangu amejifungua mtoto wa tatu, wa kike, na tumempa jina la Mama, Tuneya. Analia usiku na mchana. Mimi peke yangu katika nyumba hii hanisumbui, kwa sababu tangu Septemba masikio yangu yamekufa kabisa. Ukipiga simu nisipokee, usidhani ni maringo. Tuandikiane kwa karatasi, kama ulivyokuwa ukiniandikia ulipokuwa shuleni.

Nina jambo la kukuuliza. Hapa mtaani palikuwa na kilabu cha wazee, mabati matupu na mabenchi manne. Wiki mbili zilizopita nilikwenda jioni kama kawaida nikakuta kifusi, barabara inapanuliwa. Tulisimama pale wazee sita tukitazamana, halafu kila mtu akashika njia yake. Sijamwona hata mmoja tangu siku ile. Miaka kumi na moja nimeketi nao, Hope, na sijui nyumba ya hata mmoja wao.

Nikaanza kukumbuka kivukoni kwetu Garsen, ile feri ya kamba na foleni ya malori yakisubiri siku mbili tatu mto ukijaa. Palikuwa na mangwe nne za kunywea pombe, nahesabu. Ya Mama na ya Mzee Jillo nazikumbuka. Nyingine majina yamenitoka. Je, zilikwisha vipi? Pale pamekaa nini sasa? Na wale watu walikwenda wapi?

Niandikie ukipata nafasi. Wasalimie watoto wako mmoja mmoja.

Kaka yako,
Johnson

---

Idsowe,
20 Februari 2024

Kaka Johnson,

Bwana asifiwe. Barua yako ilikaa kwa Fahad wa ofisi ya vifurushi wiki mbili nzima, imelaliwa na gunia la unga. Nimemwambia barua si kitu cha kulaliwa.

Pole kwa masikio. Hongera kwa mtoto, na jina umelipatia. Huku mto uliingia mashambani Novemba ukachukua migomba yote ya bondeni. Maembe tumepata mengi, lakini mengine yameozea chini, lori halikuweza kufika. Mwanangu wa mwisho amepata kazi Hola, na yule mkubwa ameezeka nyumba. Novemba hiyohiyo ilitimia miaka ishirini na sita tangu mto umchukue mume wangu Kombe. Watoto wote walikuja, tukasoma Neno, tukala pamoja.

Sasa hayo ya mangwe. Sijui mtu wa umri wako anatafuta nini kwenye habari za pombe, lakini umeuliza kwa adabu, nami nitakujibu.

Ile ya bia za chupa, ya madereva, ilikuwa ikiitwa Tulia. Siku hizi ni duka la mbegu na dawa za mifugo. Ile ya makuti ya Wagiriama, pale kwenye mikoma, ilikwenda na maji yale ya elnino, na mwenyewe akarudi kwao Marafa. Hukuitaja hoteli ya Liban, ingawa umekaa pale kuliko nyumbani. Haikuwa mangwe, lakini bila mangwe isingeishi. Waliokuwa hawanywi, Waorma na Wasomali na Wapokomo wa msikitini, walikaa kwa Liban na chai ya maziwa ya Mumina, wakibishana na walevi ng'ambo ya barabara kuhusu mpira na mvua. Kila upande ukiuita mwingine upande wa wapotevu. Liban alihamia Garissa. Mumina bado yupo, amezeeka, anauza maziwa palepale stendi.

Daraja lilipofunguliwa magari yalipita bila hata kupunguza mwendo. Kivukoni pameota miti ya mathenge yenye miiba mpaka majini. Ukitaka kuuona mto inabidi uchanje njia kwa panga.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Mengine usiniulize.

Hope

---

Nakuru,
17 Machi 2024

Dada yangu,

Mtoto Tuneya ameanza kucheka. Simsikii, lakini namwona tumbo linavyoruka. Mimi nimepewa dawa za presha, mbili asubuhi, moja jioni.

Asante kwa barua yako. Nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Lakini, Hope, nilikuuliza nne, nawe umenipa mbili na hoteli. Ya Mama hukuitaja. Ya Mzee Jillo hukuitaja pia.

Naiona ya Mama kama niko ndani. Yale mabenchi ya mkoma, na ile mitungi mitatu mlangoni, mmoja mkubwa kama mtu mnene aliyeketi. Mumina akija na maziwa hakuvuka kizingiti hata siku moja. Mama ndiye aliyekuwa akitoka nje, anaacha wateja wanapiga kelele, anakwenda kuketi naye kwenye jiwe wakinywa chai. Wateja wakimwita, anasema, "Subirini, nina mgeni."

Na Mzee Jillo! Unakumbuka feri ikikwama, wanawake wenye watoto wachanga walilala kwenye kitanda chake, naye akalala juu ya meza? Alikuwa muuza pombe wa ajabu. Akimwona mtu amezidi, anamnyang'anya mrija: "Nenda kalale. Mrija wako ninao, kesho utaukuta." Hakuna aliyemkasirikia. Hakuwa na mke wala mtoto, ila ukipita pale usingedhani ni mtu mpweke.

Aliishia wapi, Hope? Nijibu hilo tu.

Johnson

---

Idsowe,
2 Juni 2024

Kaka Johnson,

Barua yako ilifika Aprili, lakini barabara ilikatika tukakaa bila gari, na baadaye maji yalituingia hadi kwenye ukuta wa jikoni. Tulihamia shuleni wiki tatu na mbuzi wetu. Sasa tumerudi, tunakausha magodoro. Huo ndio udhuru wangu, nao ni wa kweli. Ila hata barabara ingekuwa nzima, nisingekujibu mapema.

Unataka kujua ya Mama yaliishaje. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Kombe alizikwa Jumamosi, na kabla ya wiki mbili kwisha ukapanda lori ukaenda zako Nakuru. Mimi niliachwa na watoto watatu, mdogo yuko mgongoni, na swali moja: kwa nini mvuta kamba aliyeujua mto ule kama sakafu ya nyumba yake ateleze mchana kweupe? Jibu ulinipa wewe mwenyewe. Alikuwa amelewa. Alinywea kwa Jillo.

Nikawaendea wanawake wa kanisa. Tulikuwa kumi na saba, na kila mmoja alikuwa na mlevi wake nyumbani, mume au mwana. Tulikwenda kwa chifu, akasema atatazama. Hatukungoja atazame. Tulianza na kwa Jillo, tuna mashoka na michi.

Alisimama mlangoni. Hakutukana. Aliniambia, "Hope, Kombe hakunywa kwangu siku ile."

Nikamwambia, "Ndugu yangu amesema alinywa kwako. Ndugu yangu ni mwongo?"

Alinitazama sana. Halafu akasema, "Kama Johnson amesema, basi." Akasogea kando, tukaingia. Tulivunja kila kitu mpaka kile kitanda. Baada ya wiki moja alirudi kwao Wenje, na nilisikia alifariki huko miaka michache baadaye. Umeuliza, nimekujibu. Huyo simjutii.

Ninachokijuta ni kile kilichofuata. Tulipotoka pale mmoja wetu alisema, "Na kwa mama yako, Hope? Au ya mama yako ni maji ya baraka?" Wote wakanitazama. Nilitangulia mbele.

Mama alikuwa ameketi anachuja mnazi. Alituona na mashoka yetu, akaweka kichujio chini taratibu, akafuta mikono. Hakusimama. Aliniambia mbele ya wote: "Anza na huo mtungi mkubwa, mwanangu. Huo ndio uliokusomesha."

Nikaanza na huo.

Aliishi miaka minne nyumbani kwangu. Nilimwogesha, nilimlisha. Alijibu salamu zangu, akanishukuru kwa chakula, wala hakuniambia neno jingine mpaka tulipomzika. Mumina alikuwa akija, wanaketi nje, nawasikia wanacheka. Nikitoka wananyamaza. Hukuja kumzika, ulisema huna ruhusa kazini. Kwa hiyo haya hukuyaona, na mimi sikuwahi kukuambia, kwa sababu nilijua utanihukumu. Sasa nihukumu.

Mto ulimchukua Kombe, mimi nikachukua vilivyobaki. Nilidhani nikishavunja watu watakwenda nyumbani kwao. Hawakwenda. Walihamia vichakani kunywa vitu vya chupa za plastiki visivyojulikana vimetengenezwa na nini, kila mmoja peke yake, hakuna wa kumnyang'anya mrija. Sisi Wapokomo tukakaa kivyetu, Waorma kivyao. Uhasama ulipokuja miaka ile mingine, sikujua hata mtu mmoja wa upande wa pili wa kumwuliza, "Kuna nini?" isipokuwa Mumina. Hilo nalifikiria sana nikiwa shambani.

Dada yako,
Hope

---

Nakuru,
9 Septemba 2024

Hope,

Familia iko salama. Nimekwisha kusalimia.

Barua hii nimeiandika mara nyingi tangu Juni, na kila mara nimeichoma jikoni. Binti yangu ameniuliza kama naandika wasia. Leo nimemwambia anifungie bahasha mara nitakapomaliza, nisipate nafasi ya kuisoma.

Sina mdomo wa kukuhukumu. Kombe hakunywa kwa Jillo. Alinywa kwa Mama, na aliyemimina ni mimi.

Alikuja kama saa tano asubuhi. Mvua ilikuwa haijakatika siku nne, na alikuwa amevuta kamba tangu alfajiri. Viganja vimechubuka, anatetemeka. Wewe ulikuwa umenishika mkono Jumapili ile ukaniambia, "Kaka, usimpe Kombe kitu kabla zamu yake haijaisha," nami nikakuitikia. Akaniambia, "Shemeji, mboko moja tu ya mnazi nipate joto." Nikampa.

Nyumba ilikuwa imejaa madereva waliokwama. Unamjua Kombe akipata joto. Akaanza kuiga watu. Akamwiga chifu, akamwiga mchungaji akisaka miwani, akaniiga na mimi. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sikuwahi kuiona nyumba ya Mama imechangamka vile, na nilitaka iendelee. Nikampa mboko ya pili. Ya tatu sikuombwa, nilimpelekea mwenyewe. Mama alikuwa amekwenda kliniki kutibiwa miguu yake, hayupo.

Saa saba wakamwita ferini. Alitoka ameshika ukuta. Nilimwona, Hope. Nilimwona ameshika ukuta, nikageuka kumhudumia mtu mwingine.

Ulipokuja unalia unaniuliza, "Alinywea wapi?" jina la Jillo lilinitoka. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu nilijua hatanisuta. Nilikimbilia huku kabla hujaniuliza mara ya pili. Habari ya kwamba mmemvunjia niliipata kwa dereva mmoja mwezi uliofuata. Bado ingewezekana kusema. Mzee alikuwa hai. Niliandika barua, sikuipeleka. Na kumzika Mama, sikunyimwa ruhusa kazini. Sikuomba.

Sikujua alikuambia maneno yale, "Kama Johnson amesema, basi." Tangu nisome hayo silali vizuri.

Nilipoanza kukuuliza habari za mangwe mwezi wa kwanza, sikuwa nimepanga kufika hapa. Nilidhani nataka tu majina.

Johnson

---

Nakuru,
20 Oktoba 2024

Dada Hope,

Binti yangu amempigia Fahad, na Fahad amesema ulichukua bahasha tarehe kumi na saba ya mwezi uliopita, ukatia sahihi. Kwa hiyo najua umesoma.

Siombi jibu. Nataka tu ujue kwamba nataka kuja nyumbani. Ukisema nisije, sitakuja.

J.

---

Idsowe,
24 Novemba 2024

Johnson,

Watoto wangu hawajambo. Sijawaambia.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikwenda shambani nikapalilia mpaka nikakata miche ya mahindi pamoja na magugu, mstari mzima. Siku nyingi sikuweza kutamka jina lako hata kwenye sala. Jumapili wakisema, "Kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea," nilikuwa nanyamaza hapo, kisha naendelea.

Mwishowe nilikwenda stendi kwa Mumina. Nilimwuliza kama alijua. Alisema, "Mimi sikujua nani alimpa Kombe. Nilijua tu Jillo hakumpa. Jillo hakuwa akimpa mtu wa feri pombe mchana." Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Ulikuja na shoka, Hope. Baadaye ulikuja na Biblia. Hukuja na swali."

Nikamwomba anipeleke Wenje, kwa kuwa ng'ombe wa wanawe hulishwa upande ule na alikuwa akimtembelea yule mzee. Tulikwenda wiki iliyopita.

Johnson, hebu sikia alivyoishi. Alikuwa analinda shamba la mahindi la watu, kufukuza nyani. Kibanda chake kilikuwa mwisho wa shamba. Habari ilikuwa imemtangulia kutoka Garsen kwamba ni yule muuza pombe aliyeua mtu, basi hakuna aliyekaa naye. Watoto walipita mbali. Mtu ambaye nyumba yake haikukosa wageni hata siku moja! Mumina alimpelekea maziwa kila ng'ombe walipokuwa karibu, na anasema Jillo alikuwa akitandika mkeka na kuweka vikombe vinne, ingawa waliokuwapo ni yeye na Mumina tu. Alizikwa na watu watano, na wawili kati yao ni Mumina na mumewe.

Kaburi liko ukingoni mwa shamba. Halina alama. Mwenye shamba wa sasa ni kijana, hakujua hata kama lipo. Ni Mumina aliyelitambua kwa mti. Nilisimama pale. Nilikuwa nimejiandaa na sala ndefu na sikuiona. Nilisema, "Mzee Jillo, hodi. Ni Hope." Halafu nikakaa chini. Mumina hakunigusa wala hakunibembeleza. Alikaa upande wa pili wa kaburi akaningoja.

Jumapili iliyopita nilisimama kanisani wakati wa ushuhuda. Wa wale kumi na saba tumebaki wanne. Nilisema Jillo hakuwa na kosa, na kwamba mimi ndiye niliyewaongoza kwake. Jina lako sikulitaja. Si kwa kukuficha. Ni lako, utalisema mwenyewe. Mmoja wa wale watatu alinisubiri nje akaniambia, "Sisi tulifuata neno lako, Hope. Miaka yote hii nimelala usingizi kwa neno lako." Akaondoka. Leo hakuja kanisani.

Nawe nitakuambia na hili, maana nikikaa nalo litaoza. Barua yako ya Septemba ilikuwa na sehemu moja niliyoisoma zaidi ya nyingine zote, nayo si ile ya ukuta. Ni pale alipomwiga mchungaji akisaka miwani. Nilikuwa nimesahau kwamba Kombe alikuwa mchekeshaji. Miaka ishirini na saba nimemkumbuka kama mlevi tu, nimewalea watoto wake wakijua hivyo, kwamba baba yao aliuawa na pombe na wao wajihadhari. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba alikuwa akichekesha watu. Jana nilimpigia mkubwa nikamwambia. Akauliza, "Alikuwa anaiga nani?" Sikuweza kumjibu vizuri. Wewe ndiye ulikuwepo.

Niliandika barua ya kukwambia usije. Ilikuwa fupi na nzuri. Nimeipasua leo asubuhi.

Njoo. Njoo kabla ya mvua za Machi, barabara ikiwa bado barabara. Hutalala hapa kwangu siku ya kwanza. Utashuka Garsen, tutamchukua Mumina, na tutakwenda Wenje moja kwa moja kabla hujanywa hata maji ya nyumbani. Nimemwomba yule kijana mwenye shamba asilime pale, amekubali. Utasimama useme ulichoniandikia, kwa sauti, Mumina asikie na wenyeji wa pale wasikie. Nimeshawaambia watu wa Wenje kwamba kuna mtu anakuja kusema jambo kuhusu Mzee Jillo, nao wameahidi kuja.

Sijui kama nitakusamehe. Usije ukidhani nimeshakusamehe. Najua tu kwamba nilikwenda pale mara moja bila wewe, na sitaki kwenda tena bila wewe.

Dada yako,
Hope